Maji ya Kupimia Mtoto

Kila asubuhi ya kliniki nilikuwa namnywesha mwanangu maji. Si kwa kiu. Namkalisha mapajani, vikombe viwili vya plastiki, akigeuza uso namrudisha.

Alikuwa na miezi tisa, nami nauza mboga Kariakoo. Kuanzia alfajiri nachambua mchicha, namwagia maji matembele yasinyauke, ili watoto wa wenzangu wale, wakue. Wangu namwacha kwa jirani, mtaa wa Gerezani, na uji mweupe wa sembe kwenye chupa ya chai. Nilijua uji ule ni mtupu. Asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Nilichoogopa ni benchi la kliniki. Nukta ya uzito kwenye kadi ya mtoto ikitoka kwenye rangi ya kijani, wanawake hawaulizi anakula nini. Wanasema mama kambemenda, yaani kalala na mwanamume kabla mtoto hajaacha ziwa. Mwenzetu mmoja alisemwa hivyo mpaka akahama mtaa. Mimi nikaona heri maji, yamwongezee uzito kwenye mizani.

Miezi miwili yalinisitiri. Nesi alichora nukta kwenye kijani, akasema, "Hongera mama, endelea hivyohivyo." Nikaendelea hivyohivyo, mjinga mimi.

Mwezi wa tatu mtoto alitapika maji yote palepale kwenye benchi, zamu yetu imeshafika. Akaning'inizwa kwenye mizani tumbo tupu, miguu imelegea ndani ya ile suruali ya kupimia. Nesi alitazama kadi, akamtazama mtoto, akarudia kupima.

"Mwezi uliopita alikuwa mzima huyu. Umemfanya nini mtoto, mama?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikaanza kumvua ile suruali ya kupimia. Nyuma yangu mtu alinong'ona neno lilelile nililolikimbia, na mama niliyekaa naye akamhamishia mwanawe paja la pili, mbali na mimi.

Mtoto alianzishiwa chakula cha dawa, kile cha watoto wenye utapiamlo, siku hiyohiyo, miezi miwili baada ya siku aliyostahili kukipata. Alipona. Kurefuka ndiyo hakurefuka, na hilo sijajisamehe.

Januari hii tulienda Kariakoo kununua sare za shule. Muuzaji alimtazama mwanangu, akainamia rafu ya chini.

"Wa chekechea huyu, mama?"

"Shikamoo," mwanangu akamjibu mwenyewe. "Niko darasa la nne."

Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.