Mbuzi wa Lennox

Ntinyari alizaliwa Timau enzi zile ukikohoa njiani, majirani watatu wanakuuliza umepata dawa gani. Siku hizi alikuwa akienda hadi stendi na kurudi bila kusalimiwa na mtu. Vibarua wa mashamba ya maua walikuja kutoka kila pembe ya Kenya wakajaa kwenye vyumba vya mabati, huku Wazungu wastaafu, wahandisi wa Kihindi na matajiri wa Nairobi wakijenga majumba ya vioo yanayotazama mlima. Majirani wa zamani waliuza mashamba, wakanunua pikipiki, na pikipiki zikafa. Yeye akabaki hapo katikati na ng'ombe wake wawili na vitunguu vyake, si tajiri, si maskini, na hofu ikaanza kumwingia.

Kilichomshikilia ni maji. Bomba la kutoka msituni lilichimbiwa mtaro na wazee wao kwa jembe, babake akiwamo, nao waliacha sheria fupi: mgeni akinunua shamba, achinje mbuzi, wanachama wa bomba hilo wale naye. Akishachinja ni mtoto wa nyumbani, ana maji na ana kura mkutanini. Ntinyari ndiye aliyeitetea sheria hiyo kwa ulimi wake mkali, maana hakutaka mtu aitwe mgeni maisha yake yote. Ulikuwa wema, tusimnyime haki yake.

Ndipo akaja Lennox, mmoja wa wale matajiri wa Nairobi. Alinunua mashamba, kwa jina la mke, la shemeji, la karani wake, la kampuni hii na ile, na kwa kila shamba akachinja. Lo, watu walikula! Na wa kwanza kuketi penye mbavu alikuwa Ntinyari mwenyewe. Binti yake, Kinya, hakula. Siku moja wakiosha masufuria alimwambia, "Mama, hawa mbuzi wote ni wa mtu mmoja."

"Nyama haiulizwi imetoka zizi gani," Ntinyari akasema. Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mlimani, juu ya shamba la Ntinyari, tayari lilikuwa linajengwa tangi kubwa kuliko kanisa, na kila aliyeulizwa ni la nani aliangalia kando.

Kiangazi kilipokaza, mkutano uliitwa. Lennox aliomba maji yajaze tangi lake kwanza, kwa ajili ya wapangaji wa majumba yake, na kinachobaki kiteremke kwa wengine. Wakulima walinung'unika. Kura ikapigwa kwa mikono, na mikono ikapanda, mingi, ya watu ambao Ntinyari alikuwa amewaona mara moja tu, siku ya nyama.

Ntinyari alisimama. "Hawa si watoto wa nyumbani. Huyu ni mtu mmoja mwenye mikono mingi."

Lennox alimjibu kwa adabu zote. "Mama, mbuzi wangu wote uliwala. Nionyeshe yule ambaye hakuwa halali."

Mdomo uliokula ungesema nini?

Wiki hiyo hiyo bomba la Ntinyari lilitoa upepo, kisha likanyamaza. Ng'ombe walilia mchana kutwa, na vitunguu vikaanza kulala. Jioni alifika mtu wa Lennox, akamwamkia vizuri, akauliza kama shamba linauzwa. Mkononi alikuwa amebeba paja la mbuzi.