Jembe la Juu ya Mlango

Juzi mjukuu wangu alinikuta nimemaliza kupalilia shamba la maharage peke yangu, akasimama mpakani akasema, "Bibi, wewe ni jembe." Vijana wa siku hizi wakimwita mtu jembe wanamaanisha mchapakazi. Nilifurahi, sifichi. Lakini hakujua amenigusa wapi, maana katika nyumba niliyokulia neno hilo lilikuwa zito kuliko sifa ya kupalilia.

Nilikulia upande wa Mpui, miaka ya Ujamaa, tulipokwisha kuhamia kijijini na nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi. Nililelewa na bibi, mama yake baba. Juu ya mlango wake, kwa ndani, lilining'inia jembe jeusi, pana, lisilo na mpini, la chuma kilichoyeyushwa katika matanuri ya wazee wetu. Mabaki ya matanuri hayo bado yamesimama huko porini, na wageni hudhani ni vichuguu. Bibi alitolewa mahari ya majembe. Mengine yalikwenda kwa wazazi wake, hilo moja akakabidhiwa yeye mwenyewe, na halikuwahi kugusa udongo. Katika ukoo wetu, jembe la namna hiyo likitoka mlangoni, maana yake mke amerudishwa kwao. Babu alikwisha kufa zamani, lakini bibi alijihesabu mke wa nyumba ile na alitaka azikwe kando ya mumewe. Jembe ndilo lililomshikia nafasi hiyo.

Shuleni jembe lilikuwa kitu kingine kabisa. Katika somo la historia lilipewa mistari miwili, zana ya zama za chuma, tukanakili, ubao ukafutwa. Kwenye bendera ya chama lilikaa pamoja na nyundo, nasi tukaliimba kila asubuhi. Na kwenye gazeti lililobandikwa ukutani pale duka la ushirika palikuwa na katuni ya bwana mmoja mvivu, kitambi juu, amelalia jembe kama mto huku wenzake wanalima. Tulicheka mbavu hatuna. Nikampeleka bibi, ambaye hakujua kusoma, nikingoja naye acheke. Akaitazama ile picha kwa muda.

"Huyu amelalia mke wa nani?" akaniuliza.

Nikacheka peke yangu. Yeye hakuwa akitania.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mtu wa Mbeya, kijana mrefu, mwenye bidii, suruali yake imenyooshwa pasi hata siku za vumbi. Alitunga wimbo wa kilimo tukashindane nao mjini Sumbawanga. Wimbo ulitaka mtu wa kugonga jembe kwa kipande cha chuma ili kuongoza mapigo. Tukayagonga majembe yote ya shule, mapya ya kiwandani, yakalia kama sufuria iliyotoboka. Ndipo jioni moja mwalimu akaja kumsalimu bibi, akasahau kuinama mlangoni, akajigonga kichwa kwenye lile jembe. Likalia, na mlio wake ukakaa hewani. Mtu mwingine angeshika paji la uso. Yeye akasimama anasikiliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Pole."

"Bibi, naomba utuazime jembe hili. Tuondoke nalo twende mjini."

Bibi akaacha kuchambua maharage. "Nani amekutuma? Shemeji yangu?"

Mwalimu akanigeukia mimi, hajui amekosa nini. Nikasema, "Hakutumwa na mtu, bibi. Anataka la kuimbia tu."

"Basi akaimbie la mama yake."

Asubuhi mstari mzima wa nyumba ulikuwa unasema bibi anarudishwa kwao. Babu mdogo, yaani mdogo wake marehemu babu, akaja amenuna. "Shemeji, nasikia unafukuzwa. Na nani, na mimi nipo?" Mwalimu alipoelezwa maana ya jembe lile alikuja kuomba radhi, kofia mkononi, akasema tutatumia la shule.

Mambo yangeishia hapo kama bibi asingetusikia tukifanya mazoezi. Shule ilikuwa karibu na nyumba, na alivumilia mchana mmoja tu.

"Mnagonga kama watu wanaofukuza ndege," akaniambia. Halafu akamwita babu mdogo. "Chuma kile walikiyeyusha wazee wenu. Nchi nzima inaimba jembe, na jembe lenyewe haijalisikia. Mimi jambo hilo linanikera. Nitakwenda nalo mwenyewe, na wewe utafuatana nami."

"Likivuka kizingiti, shemeji, watu watasema umeondoka."

"Wewe utaniona nikitoka. Utaniona nikirudi."

Siku ya safari babu mdogo alikuwa wa kwanza kupanda lori. Ulikuwa wakati wa baridi na upepo wa Ufipa ulikuwa unakata masikio. Bibi alilipakata jembe lake ndani ya kanga kama mtoto mchanga, njia nzima. Nilimwonea huruma. Nilijua anachokiogopa.

Uwanjani alisimama mbele yetu, mdogo, miguu mitupu, akaanza. Hayakuwa mapigo ya mwalimu. Yalikuwa mapigo ya mivukuto, yale ambayo baba mkwe wake na wenzake waliyaimbia wakipuliza moto wa tanuri. Mwalimu akashusha mikono, akatuashiria tumfuate bibi, nasi tukauweka wimbo wetu juu yake. Nikawaona wazee wamesimama nyuma ya umati, mabega yanapanda na kushuka kama wanaovuta mivukuto. Sijawahi kujivunia kuwa Mfipa kama siku ile. Tulikuwa wa pili. Wa kwanza walikuwa wenyeji wa mjini, na mpaka leo nasema waamuzi walipendelea.

Tulirudi jua bado lipo. Watu walikuwa wametoka nje wanangoja, na haikuwa kwa ajili ya kwaya. Bibi alifika mlangoni kwake akasimama nje ya kizingiti, hakuingia. Akafungua kanga, akamnyooshea babu mdogo lile jembe. Babu mdogo akalipokea kwa mikono miwili, akatangulia ndani, akalitundika mahali pake. Kisha akatokeza, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya mwisho:

"Mke wetu, ingia nyumbani kwako."

Bibi akapita chini ya jembe, akaingia. Miaka mingi baadaye alipofariki, hakuna aliyeuliza azikwe wapi.