Jani la Mwambani Lisilo na Ua

Jumamosi, mwezi wa tano, 1981. Asubuhi manyunyu, kisha jua kali. Naondoka kwetu Kiwanjani kwa sababu ya kicheko. Katika darasa letu la ngumbaru, la watu wazima wanaojifunza kusoma, mwalimu alisema kila mmea hutoa ua. Akiru, mke wangu, akasema hapana, kwao Oldonyiro liko jani la mwambani lisilotoa ua kamwe. Wanafunzi wote wakacheka. Nami nilicheka, sitaficha. Tangu siku hiyo amekataa darasa, na alikuwa amebakiza kidogo tu asome barua mwenyewe.

Saa tatu nikapanda lori la wanunuzi wa mbuzi. Vumbi lilituingia mpaka kwenye meno.

Saa tisa, Oldonyiro. Lokwang, kaka yake Akiru, akanipeleka mlimani.

"Ni wewe ulimcheka dada yangu?"

"Ndiyo, shemeji."

"Basi tangulia. Ukianguka, na mimi nicheke."

Nilianguka mara mbili. Alicheka mara tatu.

Huko juu, ndani ya ufa wenye kivuli, tukaliona: bua jeusi linalong'aa, jani kama unyoya wa kuku. Nilitafuta ua kwa haki, nisije nikamwonea mwalimu: juu, chini, mpaka shinani. Hakuna! Nikaruka na kupiga kelele hadi mbuzi wa watu wakatawanyika. Halafu chini ya jani nikaona madoa ya kahawia. Nikadhani ni upele, nikaanza kuyakwangua, yakatoa unga, nisimpelekee mwalimu jani gonjwa.

"Wacha!" Lokwang akanishika mkono. "Hiyo ni mimba yake. Huo unga ndio watoto."

Nikachuma lingine, zima.

Jumapili, lori la kurudi lilijaa mbuzi. Mmoja akanusa jani. Nikalificha ndani ya shati, akala kola. Nilicheka mpaka machozi.

Jioni, nyumbani kwa mwalimu. Aliligeuza jani mara nyingi. "Hili ni kangaga, huzaa kwa unga, si kwa ua. Nilikosea. Kesho nitasema mbele ya darasa." Sijui kama mimi ningekubali upesi hivyo.

Nikamwambia Akiru, "Mwalimu amekubali."

"Mwalimu hakucheka. Wewe je?"

"Nilikucheka kabla ya kukuuliza. Nisamehe, mama Ewoi."

Akachukua penseli, akaichonga kwa kisu, polepole. "Kesho naenda. Lakini hatukai benchi moja."

Tulikula githeri. Sahani yangu aliipakulia mahindi matupu. Maharagwe yote yalikuwa kwake.