Macho Mawili ya Jini

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba hivi, habari za jini wa baharini nilizijua kuliko masomo ya darasani. Bibi ndiye aliyenifundisha. Jini huyo ana jicho moja jekundu na moja la kijani, na hutembea juu ya maji kiza kikishaingia.

"Akikuonyesha jicho moja, yuwapita zake, muache. Akikuonyesha yote mawili, mwanangu, yuwakujia wewe."

Tena usiwashe taa baharini, taa humwita.

Basi siku moja tumetoka harusini Mkomani, magharibi imeshapita, tunarudi kwetu Mji wa Kale, na Mjomba Swaleh akasema darajani magari hayaendi, twendeni na boti yangu. Boti ndogo ya mashine. Alikuwa ameifunga taa mpya wiki ile ile, nyekundu kushoto, kijani kulia, swichi iko kwenye kisanduku cha betri.

"Ushamuiga jini mpaka macho!" Bibi akasema, akaenda akakikalia kile kisanduku. Akakikalia kabisa, na buibui lake lote!

"Mama, inuka niwashe."

"Huwashi."

"Taa ni ya kuonekana, Mama."

"Ndilo ninalolikataa hilo."

Mjomba akacheka, akang'oa nanga. Nani angemnyanyua Bibi?

Tulipofika katikati, nimepakata sahani ya halua, nikaliona. Jekundu, mbali, upande wa Tudor. Moja. Yuwapita zake, nikajisemea, nikalamba vidole. Kisha, ubavuni mwa lile jekundu, likafumbuka la kijani.

"Bibi! Yote mawili! Yote mawili!"

"Huyu ameshiba majini badala ya biriani," Mjomba akasema. Halafu akageuka, akatazama, kicheko kikamkauka. Akakata usukani kulia kwa nguvu. "Mama! Taa!"

Bibi hata hakuinuka. Alipitisha mkono chini ya buibui, akapapasa, akawasha. Yeye mwenyewe! Maji yakageuka mekundu huku na kijani huku, na mbele yetu mtu akapiga ukelele, na kumbe ni boti kubwa la watalii, likapinda, likatupita karibu hivi kwamba nilimwona mama mmoja wa kizungu na uma umeganda mdomoni. Wimbi likatupiga. Halua yote ikaenda baharini, nami nimemng'ang'ania Bibi shingoni.

Tukafika ngazi za bandarini.

"Si niliwaambia yuwaja?" Bibi akasema, akikamua buibui. Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Taa zako ziwake kila siku, Swaleh. Naye akuone una macho."

Nilipofika sekondari ndipo nikajua kuwa kila chombo hubeba nyekundu kushoto na kijani kulia, na ukiziona zote mbili kwa pamoja, chombo hicho kinakuelekea. Bibi hakusoma. Sijui ni nani katika wakubwa wake aliyeponea chupuchupu, akarudi nyumbani na fundisho lile, akaliita jini ili watoto wasilisahau. Imani yake ilikaribia kutuua, na imani yake ikatuokoa, usiku ule ule, na mpaka leo siwezi kuzitenganisha.

Wiki iliyopita nilivuka huko huko na mwanangu wa miaka minne. Kijana wa boti akaniambia, "Dada, ni hapa tu, taa ya nini?" Nikamwambia washa au utushushe, watu wakanicheka, wacha wacheke! Akawasha. Ndipo nikamnong'oneza mwanangu habari za jini, neno kwa neno, kama nilivyopewa. Ile ya usiwashe taa sikumwambia. Ile nimeizika na Bibi.

Akakodoa macho njia nzima. Kisha akanivuta mtandio.

"Mama, namuona. Moja tu."

"Basi yuwapita zake," nikasema, na pumzi zikanirudi.