Mwana Ambaye Wankuru Hakumzaa

Ofisi yetu ilikuwa Suna, mjini Migori, ghorofani juu ya duka la vitambaa la Hemed, na kufikia saa mbili asubuhi Madam Bathsheba Apondi alikuwa ameshasoma mafaili mawili na kunigombeza mara moja. Mimi ndimi Joyline, karani wake, mpiga chapa wake, na mtu pekee aliyethubutu kumwambia kwamba anatia sukari nyingi mno kwenye chai. Nilifanya naye kazi tangu alipofungua ofisi mwaka 1994. Watu wa mji walisema ni mwanamke mkali, na hilo ni kweli. Walisema pia aliacha kazi ya ustawi wa watoto akasomea sheria kwa tamaa tu, na huo ni uongo. Yeye hakuwajibu, basi nitawajibu mimi.

Kesi zake zote zilikuwa za nyumbani: watoto wanaogombaniwa, wajane waliofungiwa mlango, wake waliochoka. Wakili mwingine angeanza na hati. Madam alianza kwa kuuliza mtoto analala wapi na nani humwogesha. Hiyo ilikuwa tabia aliyotoka nayo Homa Bay, alikokuwa ofisa wa watoto miaka ya themanini. Jambo moja tu lilinishinda kuelewa. Kila nilipopiga chapa maneno "baba hajulikani", karatasi ilirudi mezani kwangu.

"Nenda ukaulize tena, Joyline."

"Madam, nimeuliza."

"Umeuliza vibaya."

Nilinuna, nikaenda kuuliza tena.

Mwezi wa tatu mwaka 1996 alipanda ngazi zetu bibi kizee mmoja wa Kikuria kutoka Kegonga, jina lake Wankuru. Alikuwa amesikia sokoni Ntimaru kwamba Migori kuna wakili mwanamke anayetafuta watoto. Mimi na Madam ni Wajaluo na Kikuria hatukijui, kwa hiyo ilibidi atumie Kiswahili chake cha sokoni.

"Mimi nataka mtoto yangu," alisema. "Serikali ilichukua yeye Homa Bay, ile mwaka ya njaa kubwa."

Madam aliacha kuandika. Alimtazama yule bibi kwa muda mrefu, na bibi naye akamtazama bila kumtambua. Nilijua kuna jambo, maana hakuniagiza chai ya mgeni.

"Nyanya," alisema mwishowe, "hiyo serikali ni mimi."

Habari yenyewe ni hii. Kwa Wakuria, mama ambaye hakujaaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akamwoa msichana kwa ajili ya mwana ambaye hakumzaa. Msichana yule anakuwa mkaza mwana wake. Watoto atakaozaa, mzazi mwenzake awe yeyote, ni wajukuu wa nyumba hiyo kabisa, na baba yao ni yule mwana ambaye hayupo. Kegonga hakuna wa kuelezwa hili. Lakini Madam wakati ule alikuwa na miaka ishirini na minne, ametoka chuoni juzi, na Kegonga kwake lilikuwa jina tu kwenye ramani ya ukutani.

Mkaza mwana wa Wankuru alikufa kwa malaria katika wodi moja Homa Bay mwaka 1984, akaacha hapo kitoto cha miaka mitatu, Robi. Wankuru alifika siku nne baadaye, miguu imevimba, na Madam akamkalisha mbele ya fomu.

"Mama wa mtoto ni binti yako?"

"Hapana."

"Basi baba yake ndiye mwanao?"

"Ndiyo."

"Yuko wapi?"

"Sikuzaa yeye."

Madam aliweka kalamu chini. Alidhani njaa imemchanganya bibi wa watu, au pengine ni mwizi wa watoto. Akaandika kwamba baba hajulikani, na kwamba bibi huyu hana uhusiano wowote na mtoto. Robi alikabidhiwa kwa mwalimu mmoja na mkewe ambao hawakuwa na mtoto, na baada ya mwaka mahakama ikamfanya mtoto wao.

Miaka mitatu baadaye Madam alitumwa Kegonga kwa shauri jingine. Katika boma alilofikia alimkuta bi arusi, akauliza bwana arusi yuko wapi. Wenyeji walicheka, wakamweleza huku wakimpa uji. Alitoka nje akasimama nyuma ya ghala mpaka wakadhani uji umemdhuru. Mwaka uliofuata aliacha kazi, akaenda Nairobi kusomea sheria, atafute namna ya kuifungua ile hukumu. Alisoma miaka yote ile, akagundua kwamba haifunguliki. Hiyo ndiyo tamaa yake, enyi watu wa Migori.

Wankuru alisikiliza yote haya, akafunga kitambaa chake vizuri, akashuka ngazi bila kuaga. Aliacha hata kikapu.

"Huyo harudi," nilisema.

Madam alikiokota kikapu akakiweka mezani kwake. Aliketi na kile kikapu mbele yake mpaka saa za kufunga.

Siku ya soko iliyofuata Wankuru alirudi. Hakuketi.

"Wewe ulipoteza yeye," alimwambia Madam. "Basi ni wewe utatafuta."

Kumpata mtoto hakukuwa kazi, kwani Madam hakuwahi kuisahau nyumba ile. Kazi ilikuwa kupiga hodi. Tulikwenda Homa Bay pamoja, mimi nikibeba faili. Mwalimu Javan alitukaribisha vizuri mpaka alipomtambua mgeni wake. Msichana alikuwa shule ya bweni. Sasa aliitwa Caren, na picha yake ilikuwa ukutani, amevaa sare, meno ya mbele yameachana kidogo.

"Ulikuja hapa na huyu mtoto mkononi," alisema Mwalimu, "ukatuambia hana mtu duniani."

"Nilikosea. Nyanya yake alikuja kumchukua, nikamkataa, na sasa anamtafuta."

"Kukosea!" Mkewe, Priscilla, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Mtu anakosea chumvi kwa mboga. Si huyo bibi anataka tu ng'ombe wa mahari? Miaka kumi na mbili alikuwa wapi?"

"Alikuwa anauliza, mama. Hakujua amuulize nani." Madam alimgeukia Mwalimu. "Sheria iko upande wenu. Nikija na karatasi mtanishinda. Ndiyo maana nimekuja bila karatasi."

Nililisukuma faili nyuma ya mgongo wangu. Mwalimu alitazama picha ya ukutani, akasema tumpe muda.

Muda huo ulikuwa mwaka na miezi tisa. Kila mwezi Madam aliandika barua Homa Bay, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Kila mwezi Wankuru alipanda ngazi, akakaa kwenye benchi langu, akauliza neno moja, "Wameandika?" Nami nikasema bado. Nilianza kuichukia siku hiyo ya mwezi. Siku moja nilimjibu kwa ukali, nikamwambia aache kujitesa, akae kwake, tutamwita.

"Nyumba ya mama yake napaka udongo kila mwaka," alinijibu bila hasira. "Mtoto akuje akute imeanguka?"

Nilitamani ardhi inimeze. Madam alikuwa amesikia yote kutoka chumba cha ndani. Hakuzaa, na sikupata kumuuliza kama aliwahi kutaka. Lakini siku moja nilifungua shajara yake nikitafuta tarehe ya kesi, nikakuta jina Robi limeandikwa pembeni, ukurasa baada ya ukurasa. Niliifunga nikairudisha mahali pake.

Desemba 1997, katika zile mvua za El Nino, Mwalimu Javan alisimama mlangoni petu, suruali tope mpaka magotini, na nyuma yake msichana mwenye mwanya.

"Tumemwambia," alisema. "Yeye ndiye ametaka kuja. Mama yake amebaki analia."

Hapo Wankuru alikuwa hajaonekana kwa miezi miwili, barabara zimekatika, na hakuna aliyethubutu kusema alichokuwa akikiwaza. Hemed alitupa pikapu yake. Ilikwama kabla ya Kegonga, tukamalizia kwa miguu, Madam akitangulia na viatu mkononi.

Tulimkuta hai. Alikuwa ameketi kibarazani anapepeta wimbi, amekonda, na kando yake kilisimama kijumba kilichopakwa udongo mpya, mlango umefungwa kwa kamba. Hakuna aliyetambulisha mtu. Msichana alisogea mwenyewe.

"Shikamoo, nyanya."

"Wewe ni Robi."

"Naitwa Caren."

"Ndiyo. Na Robi."

Msichana alikubali kwa kichwa. Kisha akauliza kile alichokuja nacho kutoka Homa Bay.

"Baba yangu ni nani?"

"Ni mtoto yangu."

"Yuko wapi?"

"Sikuzaa yeye."

Nilimwona Madam akifumba macho. Mwalimu alinitazama, nikatazama tope. Msichana wa kidato cha pili, amesoma sayansi, angeweza kucheka, au kugeuka akarudi alikotoka, na nani angemlaumu? Badala yake alichuchumaa mbele ya ungo.

"Anaitwa nani?"

Wankuru aliacha kupepeta.

"Maroa," alisema. "Hakuna mtu alikuwa ameuliza."

Madam alilia pale pale mbele yetu sote, kwa sauti, viatu bado mkononi. Aliniambia tukirudi kwamba kwenye fomu ile mstari wa jina la baba ulikuwa juu, na wa mahali alipo ulifuata. Aliuruka wa kwanza.

Msichana alikaa wiki moja, akalala katika nyumba ya mama yake, kisha tukaja kumchukua arudi Homa Bay kwa wazazi waliomlea. Wankuru hakumzuia. Alimsindikiza mpaka pale pikapu ilipokuwa imekwama siku ile, akabaki hapo baada ya sisi kuondoka. Niligeuka mara mbili, na mara zote mbili alikuwa bado amesimama.

Mwezi wa pili barabara zilipopitika, alipanda ngazi zetu, akaketi kwenye benchi, akauliza kama kawaida.

"Wameandika?"

"Yeye mwenyewe ameandika."

Nilitoa barua. Kabla sijaifungua nilimsomea jina lililoandikwa nyuma ya bahasha: Caren Robi Maroa. Nikaanza kuipasua, akanishika mkono. Alitaka nisome jina tena, barua ingoje.

Nilisoma mara tatu. Madam alikuwa amesimama mlangoni, na siku hiyo hakuniuliza kama sina kazi.