Diski Nne za Chande

Mwanahawa ana studio ya video pale Majengo, Songea, na kwa ukali hana mpinzani mtaani. Mteja akimwekea kidole kwenye skrini yake, anaoneshwa mlango. Lakini mbele ya wakwe zake huwa bubu, maana kwao alifunzwa hivyo, na huo ububu ndio uliomponza.

Chande, mdogo wa mumewe, alirudi kutoka Dar akijiita mtaalamu wa kompyuta. Akatoa diski moja aliyokuwa akifanyia kazi shemeji yake, akaweka nne mpya za kasi, akaziunganisha kwa programu ziwe kama diski moja, ili moja ikifa kazi zisipotee.

"Kasi mara nne, shemeji," akasema. Mama mkwe akapiga vigelegele.

Wiki hiyo Subira, bibi harusi, akaleta picha za harusi yake zihaririwe. Mama yake, Bi Zabibu, yuko Mbesa. Kwa desturi ya ukoo wao mama mzazi haendi kwenye sherehe ya upande wa bwana, hivyo video ndiyo fungu lake. Na macho yake yalikuwa yanazima.

"Daktari anasema hayatarudi," Subira akasema. "Mama anataka anione harusini kwanza."

"Ijumaa utaipata, inshallah."

Ijumaa ikapita. Kila Mwanahawa alipohifadhi kipande, kompyuta iliganda. Akafungua sehemu inayoonesha mzigo wa mashine, akaona diski zote nne karibu zimelala, huku kiini kimoja cha prosesa, ubongo wa mashine, kikielemewa. Kwa kila kipande kidogo, programu ilisoma data ya zamani, ikapiga upya hesabu za kulinda kazi diski ikifa, ndipo ikaandika, na hesabu zote zilipita kwenye kiini hicho kimoja. Wanawake wanne wanatwanga, ungo mmoja.

"Tuongeze ya tano, nimeshaagiza," Chande akasema. "Haraka haraka haina baraka, shemeji."

Mwanahawa alitaka kuzing'oa palepale. Mama mkwe akamzuia: "Mwache mdogo wa mumeo amalize. Usimwaibishe." Mwanahawa akamchemshia Chande chai, mtu aliyestahili kumwagiwa.

Diski ya tano ikaja, mashine ikazidi kuwa nzito. Siku hiyo Mwanahawa akasimama.

"Toka, Chande."

"Shemeji, subiri..."

"Toka kabla sijasahau wewe ni ndugu wa mume wangu."

Picha asilia zilikuwa bado kwenye kadi za kamera. Akauvunja muungano wote, akafanyia kazi kwenye diski moja tu, nakala ya akiba akaiweka kwenye ile ya zamani. Kabla ya alasiri video ikawa tayari. Wanasema hasira hasara, lakini hasara hii ya kuchelewa ilitokana na hasira aliyoimeza.

Akaipeleka Mbesa mwenyewe, pamoja na Subira. Wakamwamkia Bi Zabibu, wakafungua laptopu mbele yake. Muziki ukaanza. Bi Zabibu akatabasamu, uso ameuelekeza ukutani.

"Imeanza?" akauliza.

Subira akaziba mdomo kwa mtandio. Mwanahawa, aliyeijua kila picha, akaanza kumsimulia: gauni, hina, mawifi wakicheza.

"Na uso wa mwanangu?"

"Kila mara anatazama mlangoni, mama. Kama anakungoja."

Bi Zabibu akapapasa mpaka akaupata mkono wa binti yake.

"Ijumaa ile nilikuwa bado naona," akasema.

Hakumlaumu mtu. Mwanahawa angeona afadhali atukanwe.