Mzee Sakafu na Mama Asiyeinama

Mwenye nyumba wetu tulimwita Mzee Sakafu, wala hakukasirika. Alidhani tunamsifia kazi. Alinunua kiwanja kiangazi, udongo umekauka hadi umepasuka, na muuzaji ana haraka ya ajabu. Jirani alimwambia waziwazi, "Hapa palikuwa bwawa." Akajibu, "Si umesema palikuwa?" Akajenga vyumba mstari mmoja, akaiziba njia yote ya maji.

Masika ya kwanza maji yakarudi kwao bila hodi, yakatokea chini ya vitanda. Mtu mwenye akili zake angechimba mtaro. Ila mtaro ungelazimika kupita kwenye chumba cha katikati, na kuvunja chumba chenye mpangaji kwake ilikuwa sawa na kung'oa jino zima. Akaita fundi, akamwaga zege juu ya sakafu. Masika yaliyofuata maji yakapanda, naye akapandisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu kila ufa aliujengea sakafu. Paa hakuligusa. Alisema paa halina kosa.

Mimi ni fundi cherehani, na chumba hicho cha katikati nilikipata kwa sababu ya urefu wangu, au tuseme ukosefu wake. Kwingine mpangaji huulizwa kazi na tabia. Sisi tulipimwa kwa fito. Askari mmoja mwenye mshahara wa uhakika alirudishwa mlangoni kwa kosa la shingo. Taa niliwasha kwa kidole gumba cha mguu. Dirisha lilikuwa usawa wa vifundo, kwa hiyo wapita njia walisalimia miguu yangu, nami nikaitikia kutoka juu. Mzee mwenyewe, mrefu kuliko sisi sote, aliishi chumba cha kwanza akiwa amejikunja. Ujinga mtupu, na mimi nilikuwa ndani yake.

Kisha mama yake akaja. Miaka mingi Mzee Sakafu alikuwa akimsihi ahamie kwake, na mdogo wake akimcheka kwamba ana nyumba nzima lakini hana pa kumweka mama. Siku hiyo alifagia tangu alfajiri. Mama akafika na kikapu chake, mrefu kumpita mwanawe, akachungulia mlangoni.

"Nisimame wapi?"

"Utakaa, mama. Kitanda kipo."

"Sijauliza pa kukaa. Nimelea, nimezika, sijamwinamia mtu. Leo niinamie bati?"

"Nyumba ni kavu, mama! Maji hayajawahi kunishinda."

"Hayajakushinda? Yako chini yanakusukuma, nawe unapanda. Mimi nakaa hapa barazani. Mvua ikinikuta nje, narudi kwa mdogo wako."

Akaketi juu ya kikapu. Mawingu yalikwisha kujaa, na fundi alikuwa uani akikoroga zege la mwaka huo. Mzee Sakafu alisimama katikati yao, machozi yakimlengalenga, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia.

"Nimwage?" fundi akauliza.

"Vunja."

"Nivunje nini?"

"Sakafu zote. Na chumba cha katikati, tuchimbe mtaro."

Huruma yangu iliishia hapo. Nilipiga kelele kuliko cherehani yangu, lakini nyundo zilikwisha kuanza. Walishuka tabaka kwa tabaka: hapa ndala, pale soketi, chini zaidi miguu ya kitanda imesimama wima, ikimngoja mwenyewe. Mvua iliponyesha, maji yalipita palipokuwa kitanda changu, yakateremka bondeni bila kumsumbua mtu. Mimi nilihamishiwa chumba cha mwisho, ambako sasa nawasha taa kwa kupanda kigoda. Sijawahi kuwa mfupi kiasi hiki.

Sakafu ilipokuwa tayari, kabla hata tone la kwanza halijaanguka, mama aliingia chumba cha kwanza. Akasimama wima, akajifunga kanga yake vizuri, akatazama juu, akacheka kwa sauti. Mwanawe aliingia nyuma yake, kichwa chini, mabega yamekunjwa, akinyata chini ya dari iliyokuwa mbali kabisa.

Mama akamgeukia. "Simama basi, mwanangu."

"Nimesimama, mama."